Nyanya Zimevaa Kanga

Mwaka wa kwanza niliamka nikaona chumvi.
Nani, nikauliza, kamwaga chumvi bustanini,
kwenye matuta yote, hadi juu ya bomba?
Mama mkwe hakucheka. Alichuma jani la mnyanya,
akalifinya, likawa maji meusi kiganjani.
"Sakitu," akasema.
Neno nilikuwa nalijua la mtihani tu.
Mimi wa Pangani nilijua jua linaunguza;
sikujua baridi nayo huunguza,
na kwamba harufu yake ni ya mboga iliyosahauliwa sufuriani.

Huu ni mwaka wa sita hapa Uwemba.
Mvua imekata, ulanzi umekauka mianzini,
asubuhi watu wanasalimiana "kamwene" mikono ikiwa kwapani.
Sisubiri tena kuambiwa.

Viazi nimeng'oa vyote, hata vya ukubwa wa gololi.
Vitunguu nimevifunga mafundo, vimening'inia juu ya moshi.
Maboga yamelala uvunguni mwa kitanda cha Twilumba,
anayahesabu kabla ya kusali.
Figili nimeiacha. Kabichi nimeiacha,
yenyewe ikipigwa na baridi ndiyo inakuwa tamu,
"kama watu wengine," anasema mama mkwe,
na haniangalii.

Samadi ya sungura imeoza tangu Pasaka,
nimeifukia kwenye tuta la vitunguu saumu.
Halafu mabua. Halafu kangaga kavu kutoka bondeni,
mizigo minne kichwani, shingo bado inalalamika.
Yekonia amechonga vijiti, amevisimamisha
kuzunguka miche mitatu ya parachichi,
akaondoka kwenda Makambako na mbao zake
akiniachia swali la cha kutandika juu.

Magunia yamejaa viazi.
Kwa hiyo nimefungua sanduku.

Kanga ya kwanza ilishachanika, haikuniuma.
Ya pili maandishi yamefutika, limebaki neno moja,
sasa mnyanya unaiambia kabichi, UTACHOKA.
Ya tatu ni ya msiba wa shangazi.
Kisutu cha harusi nilikitoa, nikakirudisha,
nikapika chai, nikanywa, nikakitoa tena.
Mche wa mwisho ni mdogo,
na kisutu tangu nije huku nimekivaa mara mbili.

Bamia sikuifunika.
Kila mwaka mama yangu hutuma mbegu ndani ya bahasha,
na kila mwaka nazipanda, nisiwe na la kumficha kwenye simu.
Ilifika magotini, ikatoa ua moja la njano,
ikasimama hapo kama mgeni ambaye hajaambiwa karibu.
Nimechuma tunda lake moja.
Nimelipika na dagaa, nikala peke yangu
nimesimama, mlango nimeurudishia.

Usiku mawingu yakiwepo unalala.
Ni usiku wenye nyota nyingi wa kuogopa,
upepo ukinyamaza, bati likianza kulia tik, tik,
mbwa akiomba kuingia ndani kama mtu.
Leo nyota zimejaa hadi kwenye miti ya mlingoti.

Saa kumi na moja nimetoka na ndoo,
maana sakitu lazima uioshe kabla jua halijaigusa;
likiigusa, ndipo jani linapokufa.
Nyasi zinavunjika chini ya ndala.
Na pale kwenye miche, tochi.

Mama mkwe amechuchumaa, blanketi mabegani,
kopo la maji kando, hajamwagilia bado.
Anaisoma kanga ya msiba kwa kidole,
herufi moja, nyingine, kama mtoto wa chekechea.
"Hu-ba," anasema. "Huba. Hilo ni nini kwenu?"

Mvuke unatoka mdomoni mwake, unatoka mdomoni mwangu.
Upande wa Igominyi mlima umeanza kuwa wa kijivu.
Mwagilia kwanza, mama, namwambia.
Mwagilia, nitakueleza.